Tukiwasha Projekta Malindi, Rimoti Ishikwe na Nani?

Wasee, nianze na msimamo kabla hamjachoka kusoma. Mimi nataka makumbusho yetu ya Pwani yawe na zile video kubwa za ukutani, zile zinazofunika chumba kizima mpaka unahisi umeingia ndani ya picha. Nazitaka Malindi, nazitaka Kilifi, na ningezitaka tangu jana. Ila nina masharti mawili. Kinachorushwa ukutani kiwe kitu ambacho huwezi kukiona kwa njia nyingine. Na kitengenezwe na watu wanaoishi karibu na huo ukuta. Hayo mawili yakikosekana, wacha ukuta ubaki na chokaa yake.

Najua kuna mtu tayari anasema: huyu si ndiye aliyeacha chuo mwaka wa pili, leo amekuwa mwalimu wa historia? Ndiyo, ni mimi. Digrii sina, lakini video ndiyo inanilipia nyumba. Nimefunga projekta kwenye harusi Barani, kwenye fainali za mpira Shella, na kwenye ukumbi mmoja Watamu ambapo mwenye sherehe alitaka picha za marehemu babake zionekane kubwa kuliko gari. Nimeona vile watu mia mbili wanaopiga domo hunyamaza kwa pamoja taa zikizimwa na ukuta ukiwaka. Watoto husimama. Kina mama huacha sahani. Picha kubwa ina nguvu ambayo picha ya simu haina, na yeyote anayeshika nguvu hiyo anafaa kuulizwa maswali.

Naandika mapema makusudi. Julai 2024 Gedi iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mahali pakishaingia kwenye hiyo orodha, macho ya dunia hugeuka, pesa za miradi huanza kunusa, na siku moja mtu mwenye laptopu safi huja na tenda mkononi. Nataka tuwe tushajua tunachotaka kabla huyo mtu hajashuka kwenye ndege.

Wenzetu walivyoanza

Aprili 2018, mjini Paris, kiwanda cha zamani cha kuyeyusha chuma kiligeuzwa ukumbi unaoitwa Atelier des Lumières. Ndani hukuti mchoro wa kushika. Kuna kuta, sakafu, muziki, na zaidi ya projekta 100 zinazorusha kazi za wachoraji, wa kwanza akiwa Gustav Klimt, kutoka sakafuni hadi darini. Juni mwaka huohuo Tokyo ikafungua teamLab Borderless, na katika mwaka wake wa kwanza wakaingia watu kama milioni 2.3. Watu milioni mbili na ushei, wamelipa kuangalia mwanga.

Halafu ikaja homa ya Van Gogh. Mji baada ya mji huko Marekani ukawa na maonyesho yake ya Van Gogh ya ukutani, mengine yakishindana mji mmoja. Lighthouse Immersive, kampuni ya Toronto iliyokuwa kati ya wakubwa wa hiyo biashara, Julai 2023 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mimi kama mtu wa kontenti sikushangaa. Mtu anakuja mara moja, anapiga picha akiwa amezungukwa na alizeti, anaweka kwa ukurasa wake, basi. Atarudi kufanya nini? Zile alizeti ni zilezile ukiwa Chicago, ukiwa Dubai, ukiwa popote. Hazijui ziko wapi.

Na msidhani Afrika ndiyo inaanza kusikia haya mambo. Piramidi za Giza zimekuwa na onyesho la taa na sauti usiku tangu 1961. Hapa kwetu Fort Jesus, Mombasa, ilikuwa na lake: mtalii anapelekwa baharini kwa jahazi, anapokewa ngomeni kwa mienge, anaonyeshwa historia kwa taa na sauti, kisha anaandaliwa chakula cha jioni humohumo ndani. Kwa mgeni wa siku saba, huo ni usiku wa kukumbuka. Lakini tazama lilivyopangwa. Ni kifurushi: chombo, taa, chakula, bei moja. Mtoto wa Mji wa Kale anayeweza kutembea mpaka hapo na ndara hakuwa kwenye hesabu. Historia ni ya kwao, taa ni za mwingine.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuhusu Malindi. Sisi tumezoea. Kuna barabara hapa mjini ambapo mabango ya Kiitaliano ni mengi kuliko ya Kiswahili, na hakuna anayeshtuka.

Mniskize kidogo kuhusu mwanga

Wengi wanadhani projekta ni runinga kubwa. Mwanga wa projekta ni kama siagi na mkate. Siagi ni ileile. Ukipanua mkate, siagi inakuwa nyembamba. Ukiongeza picha upana mara mbili na urefu mara mbili, eneo limekuwa mara nne, kwa hivyo kila sehemu inapata robo ya mwanga. Ile projekta ninayobeba kwa bodaboda kwenda harusini ni ya lumeni kama 3,000. Kwenye shuka jeupe, gizani, iko fiti. Ukiielekeza ukuta wa jengo zima, utaona kama mtu amemwaga maziwa yaliyochanganywa na maji. Za kumbi kubwa zina mwanga mwingi zaidi, na bado wanazipanga nyingi, picha moja ikiingia kwenye ukingo wa nyingine bila kuonekana mshono.

Alafu kuna ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe lililo wazi lina mashimo na rangi ya jivu, linakula mwanga. Ukuta wa chokaa nyeupe unaurudisha. Kuna chumvi pia. Projekta inapumua kwa feni, na feni inavuta hewa ya bahari ndani. Miezi michache tu skrubu zimeota kutu na vichujio vimeziba. Stima nayo ikipotea ghafla, feni inasimama wakati taa bado ina moto, na hapo taa ya gharama inaweza kufa kwa sekunde.

Nawaambia haya kwa sababu moja. Mtambo ukiletwa kutoka nje na fundi wake akiwa ng'ambo, siku ukigoma chumba kinabaki giza mpaka bajeti nyingine. Mradi unaotegemea fundi wa kupandishwa ndege hauna maisha marefu kando ya bahari ya chumvi. Kwa hivyo hata kabla hatujafika kwenye historia, mwanga wenyewe unadai fundi wa hapa.

Na tafadhali, asije mtu na wazo la kurusha video juu ya magofu ya Gedi usiku. Gedi iko ndani ya miti, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, nyumbani kwa yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye duniani anaishi sehemu chache mno. Usiku ni wao. Sisi tuna majengo mjini yenye kuta nzuri na soketi.

Vitu vinavyostahili ukuta mkubwa

Sasa tuje kwenye utamu. Sharti langu la kwanza lilikuwa: onyesha kisichoonekana kwa njia nyingine. Mfano wa kinachoonekana tayari ni yule silakanti aliyevuliwa bahari ya Malindi mwaka 2001. Samaki wa aina yake wanasayansi walikuwa wameshamzika kwenye vitabu, wakidhani alitoweka pamoja na madainosari, mpaka mmoja akapatikana Afrika Kusini 1938. Wa kwetu yupo House of Columns, makumbusho ya Malindi pale ufuoni. Huyo haitaji video. Mwekee taa nzuri, kioo kisafi, maandishi ya kueleweka, na umwache mtu amtazame usoni. Kitu cha kweli kikiwa mbele yako, mwanga mwingi ni kelele.

Lakini kuna hadithi ambazo hazikuacha kitu cha kuweka kwenye kabati.

Twiga, kwa mfano. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walifika China kwa mfalme Yongle wakiwa na twiga. Hebu fikiria hiyo safari. Mnyama mrefu kuliko mlingoti wa ngalawa, ndani ya chombo, kutoka bahari yetu mpaka upande wa pili wa dunia. Anakula nini? Anafunganywa vipi dhoruba ikija? Wachina walipomwona walimwita qilin, jina la mnyama wao wa baraka. Tukio hilo halina mabaki. Hakuna mfupa wala kamba. Lina upande mmoja tu wa kushikika: mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata Mambrui sarafu ya zama za Yongle. Sasa weka sarafu hiyo ndogo katikati ya chumba chenye giza, halafu ukuta wote wa nyuma uwe bahari, usiku, na kivuli cha shingo ndefu kikiyumba na mawimbi. Hapo projekta imefanya kazi ambayo kabati haliwezi.

Au Ngomeni. Ni wangapi wenu mnajua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini mkabala na Ngomeni, na ikapewa jina Uhuru? Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Ilichora ramani ya anga yenye vyanzo 339 vya miale ambayo jicho halioni, na ikasaidia wanasayansi kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel 2002. Mtoto wa Ngomeni anapita kila siku mbele ya ile mitambo, na hakuna mahali pa kuingia akalala chali, akaona darini ile anga kama Uhuru ilivyoiona. Ni kitu kisichoonekana kwa macho hata ukitaka. Video kubwa ilizaliwa kwa ajili ya vitu kama hivi.

Na Gedi yenyewe, lakini ndani ya ukumbi. Ukienda kule unaona kuta zisizo na paa. Unaambiwa hii ni Nyumba ya Mkasi, ile ni Nyumba ya Sarafu ya Kichina, manake James Kirkman aliyechimba kuanzia 1948 alizipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani. Kuna kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, sawa na 1399. Kuna visima, vyoo, mitaro ya maji. Mtu wa umri wetu akifika anapiga picha na kima, anapanda ile ngazi ya mbuyuni, anaenda Watamu. Simlaumu. Ni vigumu kuona mji ukitazama mawe. Chumba kimoja ambacho ukuta unajengeka mbele yako, jiwe kwa jiwe, plasta inapakwa, boriti zinawekwa, mtu anateka maji kisimani, kingempeleka huyo kijana magofuni kesho yake akiwa na macho mengine. Hapo video inakutuma kwenye kitu cha kweli. Ile ya alizeti inakutuma dukani kununua kikombe.

Picha kubwa haijui kusema labda

Lakini kuna tatizo, na ndilo kiini cha makala hii.

Maandishi yana unyenyekevu. Kibao kinaweza kusema "inaaminika", "huenda", "wataalamu wanabishana". Video haiwezi kurusha "huenda" ya mita kumi. Lazima uchague uso, uchague nguo, uchague rangi ya ngozi.

Chukua 1498. Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili, akapewa nahodha wa kumwelekeza, akang'oa nanga tarehe 24, na kabla ya Mei kuisha alikuwa Calicut, India. Yule nahodha alikuwa nani? Hadithi iliyosambaa inasema ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Wanahistoria wengi wanaikataa, na maandishi ya Wareno wenyewe yanaelekeza kwa mtu wa Gujarat. Ukiandika kibao, unaeleza ubishi wote kwa mistari minne. Ukitengeneza video, lazima umvalishe huyo mtu kilemba cha aina fulani, na kila mtoto wa shule atakayepita hapo ataondoka na huo uso kichwani maisha yake yote.

Hata yule twiga ana mtego wake. Mchoro maarufu wa Kichina wa twiga, ule unaosambaa mitandaoni, ni wa twiga aliyefika kutoka Bengal mwaka 1414. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata. Mtu wa haraka atauchukua ule mchoro, ataukuza ufunike ukuta, ataandika MALINDI kwa herufi kubwa, na uongo utakuwa na urefu wa ghorofa mbili.

Sasa niwape mfano mzito zaidi. Zamani wachimbaji wa kizungu, Kirkman akiwemo, waliitazama miji ya mawe ya Pwani kama kazi ya wageni kutoka Arabuni. Baadaye wanaakiolojia, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, wakaonyesha kwamba mizizi ya miji hii ni ya hapahapa, ya Waafrika waliofanya biashara na dunia. Fikiria kama projekta kubwa zingekuwepo miaka ya 1950. Ukuta ungejaa masultani waliokuja na meli, na sisi tungekuwa wapagazi kwenye kona ya picha. Kibao cha mbao unaking'oa kwa bisibisi siku moja. Video iliyogharimu mamilioni hakuna mkubwa atakayekubali itupwe. Itarushwa miaka ishirini, kila saa, kila nusu saa.

Na leo hatari imeongezeka kwa sababu ya AI. Nimeona video za "mji wa kale wa Waswahili" zilizotengenezwa na AI: ngamia, jangwa, majumba ya dhahabu, wanawake wamevaa kama wametoka sinema ya Kihindi. Bahari hakuna. Mikoko hakuna. Mnazi mmoja, umeinama vibaya. Kwa simu unacheka unapita. Kwa ukuta wa makumbusho, kitu hicho kinageuka historia.

Dawa yake ipo na si ghali. Kinachojulikana kionyeshwe kikamilifu, kwa rangi. Kisichojulikana kibaki mistari mitupu, kama mchoro wa penseli ambao haujamalizwa. Yule nahodha awe na mikono kwenye usukani, na uso ubaki mweupe. Mtazamaji atauliza mbona hana uso, na hapo ndipo somo linaanza. Mtengenezaji wa nje hawezi kufikiria hivyo, kwa sababu analipwa ajaze. Mtu wa hapa anajua majirani zake watamuuliza.

Kuna vya kuachwa gizani

Si kila kitu chetu ni cha kurushwa ukutani, hata kama kingependeza.

Vigango mnavijua, au mnafaa kuvijua. Zile nguzo za mbao ambazo Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda humsimamishia marehemu aliyekuwa wa chama cha gohu. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Kinaachwa hapo na jua, mvua na mchwa mpaka kirudi ardhini. Kwa miaka mingi viliibwa usiku kwenye boma za watu, vikauzwa, vikaishia Marekani kwenye nyumba za matajiri na makumbusho, vikiitwa sanaa. Vingine vimeanza kurudi. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019.

Sasa nawajua watu wa fani yangu. Mtu atasema: tuvipige picha kwa kamera kali, tuvizungushe ukutani, mita nane kila kimoja, na muziki wa huzuni. Itapendeza, na watu watalia. Mimi nasema huo utakuwa wizi wa mara ya pili, safari hii bila hata kutoa jasho la kung'oa. Kitu ambacho thamani yake ni kukaa mahali pake, ukikikuza na kukizungusha mbele ya watu wenye soda mkononi, umekitoa mahali pake tena. Anayeweza kuruhusu hilo ni familia na wazee wa kaya, na wakisema hapana, hapana yao haina rufaa.

Kuna njia nyingine ya kusema uchungu huo. Mwaka 2021, kwenye makumbusho ya taifa Nairobi, kundi la The Nest na wenzao walifanya maonyesho kuhusu mali ya Kenya iliyoko nje. Walikuwa wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 kwenye taasisi 30 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Ukumbini waliweka makabati matupu. Kabati limesimama, ndani hakuna kitu. Utupu ulisema vizuri kuliko projekta yoyote.

"Si tutengeneze paa kwanza?"

Hili ni pingamizi la maana na sitalikimbia. Zanzibar wana Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, jengo lililosifika kwa kuwa la kwanza kuwaka umeme kule. Lilikuwa makumbusho. Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka, mafundi waliokuwa kazini wakafa. Nyumba iliyopata umaarufu kwa taa ikaangushwa na kuta zilizochoka. Hakuna projekta inayoweza kurusha picha kwenye ukuta ulioanguka.

Kwa hivyo ndiyo: paa kwanza, mshahara wa mlinzi kwanza, choo cha wageni kwanza. Mradi wa mwanga unaokula pesa ya chokaa ni mradi mbaya. Lakini tuwe wakweli pia. Jengo lisilotembelewa na watu wake halina wa kulipigania. Ni wangapi kati yetu tumeingia House of Columns tangu ile safari ya darasa la sita? Tunapita pale kila jioni tukielekea jeti, tukitazama bahari, mgongo tumeupa makumbusho. Mkazi wa Maweni au Muyeye akiwa na sababu ya kuja Ijumaa usiku na wadogo zake, siku bajeti ya paa ikikatwa kutakuwa na watu wa kupiga kelele. Kwa sasa, kelele ingetoka kwa nani?

Basi, rimoti

Pendekezo langu ni dogo. Ukuta mmoja mweupe, mjini, unaotazama nje. Projekta moja ya kukodi, ya nguvu ya kutosha. Wiki moja, baada ya Isha, bila kiingilio. Hadithi moja tu ya dakika kumi, na mimi ningeanza na Ngomeni, kwa sababu wapo wazee waliofanya kazi kule na sauti zao bado ziko nasi. Sauti hizo ziwe Kiswahili na Kigiriama, mgeni ndiye asome tafsiri chini. Watu wa makumbusho wakague kila picha kabla haijawaka. Wahariri, wachoraji, watu wa spika, wote vijana wa Malindi, Kilifi na vijiji vya kati, na walipwe pesa, si chai na cheti. Tuko wengi. Tunahariri kwa simu zenye kioo kilichopasuka, na kazi yetu inatazamwa na watu wengi kuliko bajeti za wakubwa.

Ikifaulu, tuongeze twiga. Ikikwama, tumepoteza wiki moja, na ukuta umebaki na chokaa yake.

Na ule mradi mkubwa ukija, na utakuja, sheria inasema wananchi tuulizwe maoni. Hivyo vikao huwa mchana, ukumbi nusu tupu, wazee wawili na mtu wa soda. Twende. Tuketi mbele. Tuulize maswali matatu tu: nani aliandika hadithi hii, nani ataitengeneza mashine ikiharibika, na mtoto wa Barani ataingia kwa pesa ngapi? Mwenye tenda akijibu yote matatu bila kuangalia saa, mimi nitakuwa wa kwanza kumbebea nyaya.

Ukuta wako wewe ungeonyesha nini? Na fikiria kabla ya kujibu, manake bibi yako atakuwa amekaa safu ya kwanza.